Mwenye Kikasha na Hesabu ya Vikasha Alivyovipata

SWALI: Shikamoo mzee wangu. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Mbeya, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikishiriki mchezo wa jiokeshi, yaani ule wa kuficha kikasha mahali fulani, kutangaza mtandaoni kodineti zake, yaani namba za mahali kilipo, na kuwaachia wengine wakitafute kwa GPS. Kikasha changu kimoja, kilichokuwa juu ya mji upande wa Loleza, kilihamishwa na watoto, nikahangaika jioni kadhaa hadi nikakikuta chini ya jiwe jingine. Kingine nimekabidhiwa na mwalimu wa kujitolea aliyerudi kwao Ujerumani. Kiko kando ya barabara ya Tukuyu na sijawahi kukipata. Cha tatu tulikificha pamoja na shemeji yangu, mume wa dada yangu, kule Iringa, lakini kimeandikishwa kwa jina lake. Je, naweza kujiandikia kuwa nimevipata vikasha hivi? Rafiki yangu mmoja hujiandikia vyake vyote na kusema huu ni mchezo tu. Tena wanafunzi wangu wa klabu ya jiografia wameanza kuniuliza swali hilohilo, nami sina jibu la kuwapa.

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Kwa ufupi, kikasha cha Loleza usijiandikie kuwa umekipata, hata kama umekitolea jasho. Kile cha barabara ya Tukuyu unaweza kujiandikia kwa sharti nitakalolieleza. Na kile cha Iringa usijiandikie, ingawa jina lililo kwenye ukurasa wake si lako. Huenda majibu haya yakakushangaza, kwa kuwa katika kikasha cha pili wewe ndiye mwenyewe na nakuruhusu, na katika cha tatu wewe si mwenyewe na nakukataza. Sababu ni kwamba adabu ya mchezo huu haikai kwenye jina la mmiliki. Inakaa kwenye jambo moja tu: mtu alipoanza safari, je, alikuwa na kitu kingine cha kumwongoza zaidi ya yale yaliyotangazwa kwa kila mtu?

Mchezo wenyewe ulianza hivyo. Mwanzoni mwa Mei 2000 serikali ya Marekani, kwa agizo la Rais Bill Clinton, iliacha kuivuruga kwa makusudi ishara ya GPS inayotumiwa na raia, na kosa la vipokezi vya kawaida, lililokuwa likifikia mita 100 hivi, likashuka hadi kati ya mita 10 na 20. Tarehe 3 Mei mtu mmoja aitwaye Dave Ulmer alificha ndoo nyeusi ya plastiki msituni karibu na Beavercreek, katika jimbo la Oregon, akaweka ndani yake daftari, penseli na vitu vingine vidogo, kisha akatangaza kodineti zake kwenye intaneti. Siku chache baadaye Mike Teague akawa ameifikia ndoo ile na kuandika jina lake. Ulmer hakuhitaji kuitafuta ndoo aliyoifukia kwa mikono yake. Alichotaka kujua ni kama mtu asiyejua lolote isipokuwa zile namba angeweza kufika, na jibu hilo lisingeweza kutoka kwake mwenyewe hata angerudi pale mara ngapi.

Kila rekodi ya upataji iliyoandikwa tangu wakati ule inajibu swali lilelile la Ulmer: namba zilizotangazwa, pamoja na maelezo na kidokezo vilivyo kwenye ukurasa, vinamfikisha mgeni au havimfikishi? Wewe ni mwalimu, na unajua kwamba aliyetunga mtihani hawezi kuufanya na kujipa alama. Haidhaniwi kuwa ni mwizi, ila alama zake hazitamwambia mtu yeyote chochote kuhusu mtihani ule. Kwa hiyo swali la kama programu inakuruhusu kubonyeza au inakuzuia haliamui jambo hili. Mafundi wanaweza kufungua mlango au kuufunga wakati wowote, lakini maana ya rekodi inabaki ileile.

Watu wengi hudhani ubaya wa kujiandikia ni kujiongezea namba, na kwa kuwa namba hizo hazina zawadi wala fedha, wanaona hakuna aliyeumia. Mimi namba hainisumbui sana. Kinachonisumbua ni msafiri anayekuja nyuma. Katika nchi kama Ujerumani au Marekani, ambako vikasha ni vingi mno na vile vilivyo mijini hutembelewa mara kwa mara, rekodi moja isiyo sahihi humezwa haraka na rekodi nyingine zilizo sahihi. Kwetu huku, kutoka Iringa kupitia Mafinga na Makambako hadi Mbeya, kisha kuteremka Tukuyu na Kyela, vikasha ni vichache na kimoja kinaweza kukaa muda mrefu bila mtu kukigusa. Rekodi ya mwisho iliyo kwenye ukurasa ndiyo habari pekee aliyonayo mtafutaji. Anaposoma kwamba kikasha kilipatikana wiki iliyopita, anaelewa kwamba mgeni mwenzake alifuata namba zile, akafika, akakikuta. Kwa imani hiyo anapanda basi Iringa, anasafiri zaidi ya kilometa 300, analala Mbeya, asubuhi anachukua kosta kwenda Tukuyu. Kama aliyeandika "nimekipata" ni mwenye kikasha, aliyekwenda moja kwa moja hadi kwenye mzizi anaoujua bila hata kuwasha GPS, basi msafiri huyu amepewa uhakika ambao haukuwepo. Namba zinaweza kuwa na kosa la mita 40 chini ya mikaratusi minene, na rekodi ile haikulipima kosa hilo hata kidogo.

Wahakiki wa kujitolea wanaosimamia kurasa hizi nao huzisoma rekodi kwa namna hiyohiyo. Wakiona watafutaji wamekikosa kikasha mfululizo, kisha ghafla mtu amekipata, huchukulia kwamba kikasha kipo na hali yake ni njema. Kama mtu huyo ni mwenyewe, ishara ya tatizo imefutwa kabla tatizo halijaelezwa. Ndiyo maana mwenye kikasha amepewa rekodi yake ya matunzo, inayosema waziwazi kwamba mwenyewe alifika, akaangalia, akarekebisha. Kwa msafiri wetu wa Iringa, rekodi ya matunzo iliyoandikwa vizuri ina thamani kubwa kuliko kumi za upataji, na nashangaa jinsi wengi wanavyoikimbia kwa sababu tu haiongezi namba pembeni ya jina lao.

Sasa tuje Loleza, kwa sababu hoja yako hapo ina uzito na haistahili kupuuzwa. Unaweza kuniambia: mzee, umesema adabu inafuata kama mtu alijua au hakujua, nami sikujua, nilipanda, nikapekua mawe, nikateseka kuliko mtafutaji yeyote. Ni kweli hukujua. Lakini angalia ulichokuwa unatafuta na ulichokuwa unafuata. Namba zilizo kwenye ukurasa zilikuleta kwenye jiwe tupu. Kama siku ileile angepanda mgeni mwenye namba hizohizo, rekodi yake ya kweli ingekuwa kwamba amekikosa, wala asingekuwa na sababu ya kwenda kufunua jiwe jingine ambalo hakuna mahali lilipotajwa. Wewe uliendelea kwa sababu ulijua kikasha chako kinavyofanana, ulijua watoto hupita njia gani wakirudi kuchota maji au kuokota kuni, na ulikuwa na haki ya kugeuza kila jiwe kwa kuwa mali ni yako. Hiyo ilikuwa kazi ya mwenye mali kurudisha mali yake, kazi njema na ngumu, ila haina uhusiano na swali ambalo rekodi ya upataji inalijibu. Ukiandika "nimekipata", mtafutaji ajaye ataamini kwamba namba zilimfikisha mtu kwenye kikasha siku ambayo hazikumfikisha.

Ningekuwa wewe ningeandika rekodi ya matunzo, tena si ya maneno mawili. Ningeandika kwa mfano hivi: "Nimefika leo jioni. Kikasha kilikuwa kimehamishwa hatua chache kutoka mahali pake na kuwekwa chini ya jiwe jingine. Nimekirudisha kwenye kodineti zilizo kwenye ukurasa, nimezihakiki upya, daftari ni kavu na nimeweka penseli mpya. Waliokikosa tangu mwezi uliopita wajue kwamba namba ziliwapeleka mahali sahihi. Kikasha ndicho hakikuwepo." Sentensi ile ya mwisho usiiache. Kuna mtu aliyerudi nyumbani akidhani hajui kutumia GPS yake, na wewe peke yako ndiye unayeweza kumwondolea dhana hiyo.

Kama ungeona kwamba mahali pale papya panafaa zaidi na kuamua kukiacha hapohapo, ungelazimika kurekebisha kodineti. Mwenye kikasha anaweza kuzisogeza mwenyewe kwenye ukurasa kwa umbali usiozidi mita 161, ambao pia ndio umbali wa chini unaotakiwa kati ya kikasha kimoja na kingine. Zaidi ya hapo ni busara kuufunga ukurasa wa zamani na kufungua mpya, kwa sababu waliopata kile cha kwanza hawajapata hiki cha pili na wanastahili kukitafuta upya. Wewe hustahili, kwa kuwa hicho kipya nacho umekiweka wewe.

Niongeze jambo la pembeni kuhusu watoto wale. Kikasha kinachohamishwa huku kwetu mara nyingi hakihamishwi kwa uhasama. Ni udadisi wa mtoto aliyeona kopo safi lenye mfuniko wa kubana mahali ambapo hakulitarajia. Bandika juu yake maelezo mafupi ya Kiswahili yanayosema hiki ni kitu gani, si hatari, na kirudishwe kilipokuwa. Mwambie mwenyekiti wa mtaa na mwangalizi wa msitu, ambao hata hivyo ulipaswa kuwaomba ruhusa kabla ya kuficha. Na usitumie sanduku la chuma, kwa kuwa wanunuzi wa chuma chakavu hawatasoma maelezo yako.

Kikasha cha barabara ya Tukuyu kina hali tofauti. Hukukificha, hukuwepo kilipofichwa, na kwa maelezo yako hujawahi kukigusa. Umiliki ulihamishiwa kwako kwa maandishi, na nadhani mlifuata utaratibu unaohitaji mmiliki wa kwanza akubali mwenyewe kukitoa, kwa maana kikasha cha mtu hakichukuliwi kwa sababu tu amesafiri. Kwa hiyo kwa habari ya kilipo, wewe bado ni mgeni sawa na msafiri wetu wa Iringa, na namba zile zinaweza kukupima kama zinavyompima yeye. Sharti langu ni kwamba uende na yale tu yaliyotangazwa kwa wote. Kama mwalimu yule wa kujitolea alikuonyesha mahali kwa kidole mlipokuwa mkipita na gari, au alikutumia picha ya shina la mti lenye kikasha kabla ya kuondoka, basi nafasi hiyo imepita, na utaandika rekodi ya matunzo tu. Kama hakufanya hivyo, nenda ukitafute, uandike jina lako kwenye daftari kabla hujagusa kitu kingine chochote, kisha ndipo uanze kukausha, kubadilisha na kusafisha. Mtandaoni, kama tovuti inakuruhusu, utaandika rekodi mbili zinazotengana, ya upataji kwanza na ya matunzo baadaye, na katika ile ya kwanza useme wazi kwamba umekitafuta baada ya kukabidhiwa.

Wapo wachezaji makini, ninaowaheshimu, wanaosema kwamba ukishakuwa mmiliki mlango umefungwa bila kujali ulijua nini. Wanaona ni rahisi zaidi kuwa na sheria moja isiyo na tafsiri, na kwamba anayetaka kukihesabu angekitafuta kabla ya kupokea umiliki. Hilo la kukitafuta kabla ndilo bora, na wengine wakiniomba ushauri mapema huwaambia hivyo. Lakini sioni kwa nini mtu aliyejitwika mzigo wa kutunza kikasha ambacho kingekufa anyimwe kitu ambacho mpita njia yeyote angepewa, ilhali ukweli wa rekodi yake haujapungua. Tahadhari ni moja: kama kikasha unachokabidhiwa ni cha fumbo, ambacho mahali pake hujulikana kwa kulifumbua kwanza, au cha vituo vingi, ambacho kituo kimoja hukuelekeza kwenye kingine, ukurasa ukishakuwa wako unakuonyesha kodineti za mwisho zilizokuwa zimefichwa. Ukishaziona, hakuna tena cha kutafuta. Cha namna hiyo lazima ukifumbue na kukifikia kabla hujakubali kukabidhiwa. Waliokipata miaka ya nyuma na baadaye wakawa wamiliki hawana shida yoyote. Rekodi yao ya zamani ilikuwa ya kweli na inabaki.

Kuhusu Iringa sina maneno mengi. Ukurasa huandikishwa kwa akaunti moja, basi jina la shemeji yako ndilo lililoonekana, lakini mikono iliyoficha ilikuwa minne. Ulijua kilipo kabla ya dunia kuambiwa. Kujiandikia kwa sababu jina lako halipo kwenye ukurasa ni kutumia upungufu wa fomu kama kisingizio. Andika maelezo ya kawaida, yale yasiyohesabiwa, useme ulishiriki kukificha. Shemeji yako naye akuongeze kwenye maelezo ya ukurasa, ili wanaokuja wajue wawashukuru watu wawili. Dada yako, kama hakuwa nanyi siku ile na hajaambiwa chochote mezani, anaweza kukitafuta kama mtu mwingine yeyote. Kama alikaa ndani ya gari barabarani akawaona mnapanda na kushuka, hapo mambo yanakuwa finyu, na mimi namwachia dhamiri yake, ila namwomba asiwe wa kwanza kuandika. Heshima ya kufika wa kwanza ni ya mtu ambaye hakuwa na faida hata ndogo.

Ombi hilohilo nalitoa kwa mtu uliyemwomba akujaribie fumbo kabla hujalitangaza. Alifumbua kweli, tena kwa kichwa chake, na bila yeye fumbo lingetoka na makosa. Likishatangazwa na wengine wakatangulia, aende mahali penyewe, aandike jina lake kwenye daftari, ajihesabie. Lakini kama ulimpeleka hadi kwenye kikasha ili akuambie kama kimefichwa vizuri, huyo ni mficha mwenzako.

Kuna mahali pamoja ambapo mwenyeji anajiandikia na karibu wote wanakubali, napo ni mkutano. Ukiitisha mkutano wa wachezaji, tuseme Mwanjelwa au Tukuyu mjini, rekodi inayoandikwa ni ya kuhudhuria, na wewe ulihudhuria kweli, pengine kuliko wote kwa kuwa ulifika mapema na kuondoka mwisho. Iandike mara moja. Vikasha vya muda vinavyofichwa siku hiyo ili watu wajiburudishe havihesabiwi kama mahudhurio mengine.

Na kama siku moja utatunga jiokeshi ya ardhi, ile isiyo na kikasha bali maswali ya jiolojia ambayo mtafutaji anayajibu akiwa mahali penyewe, mpaka ni uleule. Nguzo za udongo za Isimila, kilometa kama 20 kutoka Iringa mjini kwenye barabara ya Mbeya, au kimondo cha Mbozi ambacho tangu 2016 kipo katika Mkoa wa Songwe, ni mahali panapofaa sana kwa somo la namna hiyo, mradi uwe umepata idhini ya wasimamizi wa eneo. Ukishayatunga maswali na kuandika majibu, huwezi kuyajibu tena na kujihesabia.

Kishawishi kikubwa kuliko vyote hujitokeza kwenye jedwali la ugumu. Kila kikasha hupewa daraja mbili, moja ya ugumu wa kutafuta na nyingine ya ugumu wa ardhi, kila moja kuanzia 1 hadi 5 kwa hatua za nusu, na michanganyiko yake yote ni 81. Wachezaji hupenda kuyajaza masanduku hayo yote 81 ya jedwali. Kwa anayeishi huku kwetu kuna masanduku ambayo hana kikasha cha kuyajaza bila kwenda mbali, na mtu anaweza kushawishika kuficha kikasha chenye daraja analolikosa, kisha akajiandikia. Ninaielewa hamu hiyo, lakini mtu anayeficha kikasha ili ajaze sanduku lake hukipa daraja linalomfaa yeye, si linalolingana na mlima. Daraja la 5 la ardhi humwambia mtafutaji kwamba anahitaji vifaa au ujuzi maalumu. Likiwekwa kwa ajili ya jedwali la mtu, wengine watalidharau siku watakapokutana nalo mahali penye hatari ya kweli.

Kwa wanafunzi wako ninayo njia ambayo naamini itawafurahisha. Igawanye klabu makundi mawili. Kundi la kwanza lifiche bila la pili kuwepo, lichukue kodineti, liziandike kwenye karatasi, halafu la pili litafute, kisha wabadilishane. Waambie wapime namba zao mara kadhaa kwa nyakati tofauti na kuchukua wastani, kisha walinganishe na mahali kundi la pili lilipoelekezwa na GPS. Hapo watajifunza jiografia na adabu kwa pamoja, kwa kuwa kundi lililoficha litaona kwa macho yake kwamba lenyewe haliwezi kugundua makosa ya namba zake. Wageni ndio watakaoyagundua. Vikasha vya mazoezi visivyotangazwa havihesabiwi na yeyote. Vile vitakavyotangazwa kwa akaunti yako, kundi lililoficha lisijihesabie, na kundi lililotafuta kwa namba tu lijihesabie kwa haki yote, kwa akaunti zao na kwa idhini ya wazazi wao.

Sasa huyo rafiki yako. Anaposema huu ni mchezo tu, ninakubaliana naye kuhusu kila kitu isipokuwa hitimisho lake. Hakuna zawadi, hakuna hakimu uwanjani, hakuna anayekufuata msituni kuangalia kama uliandika jina. Mchezo mzima umesimama juu ya watu kuaminiana kwamba kila mmoja anaandika kilichotokea, na neno la rekodi ndilo mali pekee iliyomo. Hata hivyo sikushauri umshitaki wala umwaibishe mbele ya wenzenu. Rekodi zilizo kwenye kurasa zake ziko chini ya mamlaka yake mwenyewe, nawe huwezi kuzifuta. Acha kulinganisha namba yako na yake, kwa maana namba hizo mbili hazihesabu kitu kimoja. Lakini ukiona kwamba rekodi zake zinaficha vikasha vilivyopotea, na watu wanasafiri bure, mpigie simu, au mkutane kwa chai, umweleze habari ya huyo aliyetoka mbali akakosa. Nimeona watu wengi wakibadilika kwa kuambiwa habari ya msafiri mmoja kuliko kwa kusomewa sheria. Na kama alianza zamani, miaka ile ambayo desturi zilikuwa bado hazijatulia na wengi walifanya hivyo bila kufikiri, hana haja ya kuchimbua rekodi zake zote za kale. Inatosha aache kuanzia sasa.

Kwa upande wako, kama tayari ulishabonyeza kwenye kikasha cha Loleza au cha Iringa, kurekebisha ni kazi ya dakika chache. Nakili kwanza maneno uliyoyaandika na uhifadhi picha zake, futa rekodi ya upataji, kisha uyarudishe maneno yaleyale kwa tarehe ileile kama rekodi ya matunzo kwa kile cha Loleza na kama maelezo ya kawaida kwa kile cha Iringa. Namba yako itashuka kwa moja au mbili. Hakuna haja ya kueleza kwa nini isipokuwa mtu akuulize.

Safari ya Tukuyu usiichelewishe. Mvua za Rungwe zikianza mwezi Novemba, karatasi iliyokaa ndani ya kopo lenye mfuniko uliolegea haitadumu, na daftari likiozea ndani utashindwa kuona ni lini mgeni wa mwisho alifika. Chukua daftari jipya, mfuko wa nailoni wenye kufungika, kopo la akiba, na penseli badala ya kalamu ya wino. Chapisha ukurasa kama ulivyo, usimpigie simu mwenzetu wa Ujerumani kumwomba kidokezo cha ziada, na ukikikosa uandike kwamba umekikosa. Rekodi hiyo nayo itakuwa sahihi, na baada ya hapo ndipo utamuuliza mahali alipokiacha.